Mitaa Inayoishia Ukutani

Nimeitazama ramani ya mradi mmoja mpya wa nyumba na imenikera. Shule imepakana na mtaa, ukuta kwa ukuta. Mtoto akiwa chumbani anaisikia kengele. Lakini ili afike darasani, sharti atoke mpaka barabara kuu, apite geti la mtaa wa pili, kisha arudi nyuma kwa upande wa pili. Mzazi gani hatawasha gari?

Miji ikitanuka, kelele zetu zote huwa juu ya ukubwa wake. Namna mitaa inavyoungana hatuiulizi, na hilo ndilo halirekebishiki. Nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine, barabara inabaki palepale. London iliteketea mwaka 1666, msanifu majengo Christopher Wren akachora mji mpya wa barabara pana zilizonyooka, na bado sehemu kubwa ikajengwa upya kwenye njia zilezile za zamani, maana kila kiwanja kilikuwa na mwenyewe. Mitaa ya Manhattan, kisiwa cha jiji la New York, iliyopangwa mwaka 1811, wakati sehemu kubwa ya kisiwa ikiwa mashamba, ndiyo inayopitwa mpaka leo. Anayepima viwanja sasa anawaamulia vitukuu watembee au wapande gari.

Radburn, mtaa uliopangwa kule New Jersey, Marekani, ilianza mwaka 1929 na mitaa iliyoziba ili magari yasipite milangoni mwa watu. Ila waliweka pia njia za miguu katikati ya bustani. Wengi walioiga wakachukua kuziba, njia za miguu wakaziacha. Watafiti Barrington-Leigh na Millard-Ball wameonyesha kwamba Marekani ujenzi wa mitaa iliyoziba ulifikia kilele karibu mwaka 1994, ukaanza kupungua. Kwingineko duniani, mitaa mipya inazidi kufungwa.

Najua, watu wanataka utulivu na usalama. Haya, wawekewe nguzo magari yasikatize. Lakini mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli wamekosa nini? Basi nalo haliwezi kuhudumia mtaa wenye mlango mmoja.

Wanaoidhinisha ramani wadai upenyo kabla ya kugonga muhuri. Leo ni ukanda mwembamba tu wa ardhi kati ya viwanja viwili. Kuta zikishasimama, kuna fidia ya kulipa, kesi ya kusikilizwa na nyumba ya mtu ya kubomoa.