Kati ya leza na sindano: jeraha lisilo na moto

Mtu mwenye makovu ya chunusi usoni akiuliza ashike njia ipi, jibu analopewa mara nyingi ni lilelile: mfuko ukiruhusu piga leza, usiporuhusu jaribu sindano. Leza inahesabiwa kuwa ndiyo tiba yenyewe. Sindano, yaani maikronidlingi, tiba ya kutoboa ngozi kwa vijisindano vingi, inahesabiwa kuwa ya kujishikizia tu mpaka uwezo upatikane. Nimelifuatilia suala hili kwa muda mrefu, na kadiri ninavyolipima ndivyo ninavyoona mpangilio huo umekaa vibaya, hasa kwa mwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde.

Nianze na nilichokiona kwa macho. Mdogo wangu alipigwa leza mashavuni, ile inayogawa mwale kuwa vijimwale vingi vidogo, inachoma nukta na kuacha ngozi nzima katikati. Wiki ya kwanza alifurahi. Vigamba vidogo vya kahawia, kama unga wa kahawa, vilimbanduka alipokuwa akinawa, na ngozi iliyobaki chini ilikuwa laini. Wiki ya tatu nukta zikaanza kujitokeza, nyeusi, zimejipanga kwa mistari kama matundu ya chujio la chai. Makovu yenyewe yalikuwa yamepungua kweli. Ukipitisha kidole ulilijua hilo. Lakini hakuna mtu anayepitisha kidole kwenye uso wa mwenzake. Watu walimtazama, wakaona nukta. Zilichukua miezi kumi na moja kufifia.

Waliomhudumia hawakuwa matapeli. Walimpa leza inayosifika na kiwango ambacho kingemfaa mtu mwingine. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ngozi yake ingepokea moto kama ngozi ya huyo mwingine.

Msingi wa leza za ngozi za leo ulielezwa na madaktari wa Marekani, Anderson na Parrish, mwaka 1983: mwanga wa urefu fulani wa wimbi humezwa na kitu fulani ndani ya ngozi, kikapata joto kuliko vilivyo jirani nacho, kikaharibika peke yake. Unachagua wimbi kulingana na unachokiwinda, iwe ni damu, ni melanini au ni maji. Melanini ndiyo rangi yetu. Leza yoyote inayoiwinda melanini kwenye doa itaikuta pia imetandazwa uso mzima, na hapo kuungua hakuko mbali. Hilo wengi wanalijua.

Wasilolijua ni kwamba hata leza zisizoiwinda melanini zina deni lao. Leza ya CO2, ya gesi ya kabonidioksidi, yenye wimbi la nanomita 10,600, na ile ya erbiamu yenye nanomita 2,940, zinawinda maji. Kwa nadharia hazijali kama wewe ni mweupe au mweusi. Ndiyo hoja anayopewa mteja: usiogope, hii haioni rangi. Ni kweli haioni. Lakini inaacha joto, hasa ile ya CO2, na joto linaleta uvimbe, na seli zinazotengeneza melanini kwenye ngozi nyeusi huitikia uvimbe kwa kumwaga rangi zaidi. Chunusi iliyopona ikaacha doa jeusi, mbu aliyekuuma mguuni ukabaki na alama mwezi mzima, ni jambo hilohilo. Ngozi inayoweka alama kwa kuumwa na mbu haiwezi kunyamaza ikichomwa mamia ya nukta kwa dakika chache.

Kuna takwimu moja ambayo haitoki kichwani mwangu. Madaktari wa Brazil walichapisha mwaka 2016 jaribio la kulinganisha sindano na leza ya nukta ya nanomita 1,340 kwa makovu ya chunusi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao katika kupunguza makovu haikuwa ya maana kitakwimu. Waliobaki na madoa meusi upande wa leza walikuwa asilimia 13.6. Upande wa sindano hakuna hata mmoja.

Jaribio lilikuwa dogo, la watu wasiofika hamsini, na sitaki kulibebesha mzigo lisioweza kuubeba. Ila tazama vizuri. Leza hiyo ya 1,340 ni ya upole. Haikwangui tabaka la juu kama CO2. Hata hivyo karibu mtu mmoja katika kila saba aliondoka na doa jipya, huku nafuu ya makovu ikiwa haijawapita wenzao wa sindano. Halafu ukumbuke kwa nini mtu anakwenda kutibiwa makovu. Anakwenda ili uso wake usitazamwe mara mbili. Kovu ni kivuli. Linaonekana mwanga ukija kwa ubavu, ukija kwa mbele linajificha. Doa jeusi halijifichi kwa mwanga wowote. Ukimpunguzia mtu kivuli ukampa doa, hata kama ni la miezi tu, umemwondolea kero ndogo ukampa kubwa. Tiba zinapopimwa kwa kina cha kovu peke yake, hasara hiyo haionekani kwenye hesabu, na mimi siamini hesabu isiyoihusisha.

Hata kipimo kinachotumika kuchagua nguvu ya leza kina historia yake. Thomas Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani, alikitunga mwaka 1975 ili kukadiria kiasi cha mionzi cha kumpa mgonjwa bila kumuunguza. Mwanzoni kilikuwa na aina nne, zote za ngozi nyeupe. Ya tano na ya sita, za ngozi ya kahawia na nyeusi, ziliongezwa baadaye. Weupe waligawiwa mafungu manne kwa uangalifu. Sisi tukabanwa kwenye mawili. Mtu akikuambia mashine yake "imepangwa kwa aina ya sita", aina hiyo ina watu wengi mno wasiofanana.

Sindano nayo inafanya nini? Ukiitazama kwa karibu haina fahari yoyote. Uso unapakwa krimu ya ganzi, unasubiri, krimu inafutwa. Kalamu yenye vijisindano kadhaa nchani inapitishwa huku vikiingia na kutoka kwa kasi, kina kikibadilishwa kulingana na mahali: paji la uso, ambapo mfupa uko karibu, kifupi, shavu lenye nyama, kirefu zaidi, milimita moja na nusu hata mbili. Vitone vya damu vinachomoza kama jasho. Vinapanguswa kwa maji ya chumvi na pamba safi. Siku hiyo uso ni mwekundu au umeiva kama uliokaa juani. Baada ya siku mbili tatu umetulia.

Ndani, kila kitundu ni jeraha dogo. Chembe sahani za damu zinakusanyika, zinaita seli za kutengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na kolajeni mpya inaendelea kusukwa kwa miezi. Tabaka la juu halikubanduliwa. Limetobolewa tu, na vitundu hufunga ndani ya saa chache hadi siku moja. Moto haupo. Uvimbe upo, kwa hiyo madoa yanaweza kutokea, hasa mtoa huduma akikandamiza kupita kiasi au mteja akienda juani kesho yake. Lakini ni machache zaidi.

Kuna kisa katika asili ya tiba hii ninachokipenda. Wapasuaji wawili wa Kanada, Camirand na Doucet, walikuwa wakichora tatuu juu ya makovu meupe ya usoni ili yafanane na ngozi iliyoyazunguka. Muda ukapita, wino ukafifia, wakatarajia weupe urudi. Walichokuta ni makovu yaliyolainika na kupata rangi ya asili ya mgonjwa. Wakaanza kutumia sindano ya tatuu bila wino kabisa, wakaandika matokeo yao mwaka 1997. Huyo ndiye babu wa kalamu za leo. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha kalamu ya kwanza ya aina hii mwaka 2018, na iliidhinisha kwa makovu ya chunusi.

Sasa haki ya leza, maana inayo. Kuna mambo ambayo sindano haiyawezi. Vishipa vyekundu vilivyotanda puani na mashavuni, au alama nyekundu ya kuzaliwa nayo, vinatibiwa na leza inayoiwinda damu, ya nanomita 585 hadi 595. Sindano hapo utajitoboa bure. Kufuta tatuu vilevile. Mikunjo mirefu kuzunguka mdomo kwa mtu mweupe aliyekaa juani miaka mingi, leza ya CO2 huifuta kwa kiwango ambacho sindano haikifikii. Na leza hufupisha safari: kinachohitaji sindano mara tatu hadi sita, kila baada ya wiki nne hadi sita, leza kali inaweza kukikaribia kwa mara moja au mbili. Kwa mtu asiye na nafasi ya kurudirudi, hilo si dogo.

Tena si kweli kwamba mweusi haruhusiwi leza. Ya nanomita 1,064 huzama ndani zaidi na melanini huimeza kidogo, ndiyo maana hupendekezwa kwa kuondoa nywele kwenye ngozi nyeusi. Leza ya nukta nayo, nukta zikitawanywa mbalimbali, nguvu ikipunguzwa, na kwa mkono wa daktari aliyezoea ngozi za namna hiyo, inafanya kazi nzuri. Anayeitaka na awe na daktari huyo. Ugumu ni kwamba mashine inatangazwa, daktari huyo hatangazwi.

Sindano nayo ina maovu yake, na baadhi ni mabaya kuliko doa. Inafungua ngozi na kutoa damu. Uchafu wowote unapata mlango. Mwaka 2024 CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kiliripoti kwamba wateja wa spa moja isiyo na leseni katika jimbo la New Mexico waliambukizwa VVU kupitia huduma ya sindano za uso iliyochanganywa na plazima ya damu. Ninalirudia hili kwa kila anayenisikiliza, kwa sababu sifa ya sindano kuwa "rahisi" ndiyo inayoifikisha mikononi mwa wasiostahili kuishika. Ncha ni ya mtu mmoja, mara moja, inafunguliwa mbele yako ikitoka kwenye pakiti yake. Ukiikuta tayari imefungwa kwenye kalamu, ondoka.

Seramu nazo, yale majimaji ya kupaka usoni. Ngozi iliyotobolewa hainywi kama ngozi nzima. Mwaka 2014 madaktari waliripoti wanawake waliopata vinundu vya mzio usoni baada ya kupakwa seramu juu ya vitundu, ikiwemo ya vitamini C. Ile chupa isiyokudhuru asubuhi zote inaweza kukudhuru asubuhi hiyo. Na roli za nyumbani, vigurudumu vyenye vijisindano vya kujitoboa mwenyewe, siziungi mkono kabisa: ncha zinapinda, zinakuwa butu, zinachana badala ya kutoboa, na anayetibu makovu anajiongezea mengine.

Mwenye historia ya keloidi mwilini, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, njia zote mbili zinataka tahadhari kubwa. Mwenye melasma, yaani mabaka ya kahawia usoni, joto la leza linaweza kuyarudisha yakiwa meusi zaidi ya yalivyokuwa.

Halafu kuna mseto unaovuruga mipaka: sindano zinazopitisha mawimbi ya redio ndani ya ngozi. Jina linasema sindano, kazi inafanywa na joto. Mwaka 2025 FDA ilitoa onyo kuhusu vifaa hivyo baada ya taarifa za kuungua, makovu, kupotea kwa mafuta ya uso na hata kuharibika kwa neva. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama ni sindano. Uliza kama inapasha moto.

Nukta zilipokwisha, mdogo wangu alikwenda kwa daktari mwingine wa ngozi. Hakumwonyesha mashine yoyote. Alizima taa ya juu, akawasha ndogo kwa ubavu, akalivuta shavu kwa vidole viwili. Makovu yaliyopotea ngozi ilipovutwa, akasema hayo ni ya sindano. Yale membamba yenye kina kirefu, kama yametobolewa kwa pini, akasema si ya sindano wala leza. Hayo ataweka tone la asidi ndani ya kila shimo, moja moja. Kisha akajaribu sindano sehemu ndogo nyuma ya sikio na kumwambia arudi baada ya wiki sita. Wiki sita nzima kwa ajili ya sehemu ya ukubwa wa ukucha.

Nyuma ya sikio hapakuwa na doa. Amepangiwa mara nne, amemaliza mbili. Alasiri jua likiingia dirishani kwa ubavu, vivuli kwenye shavu lake la kushoto vimepungua urefu, na rangi haijabadilika.