Big East: Mechi Iliyoisha Asubuhi Yetu

Ijumaa, Machi 13, 2009, niliingia kazini Dar es Salaam saa mbili kasoro robo asubuhi, nikawasha kompyuta nisome matokeo ya mechi ya kikapu ya Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu aliyechezea chuo cha Connecticut, Marekani. Nilidhani imeisha zamani. Nikakuta bado wanacheza! Connecticut na Syracuse, robo fainali ya Big East, ligi ya vyuo vya huko, ukumbi wa Madison Square Garden, na New York saa saba ya usiku ilikuwa inakaribia. Kila nikifungua ukurasa upya, wamelingana tena. Chai ikapoa mezani. Dakika za nyongeza ziliongezwa mara sita, na Syracuse, ambao hawakuongoza hata mara moja katika zile tano za mwanzo, wakashinda 127-117. Jonny Flynn wao alicheza dakika 67. Mechi ya kawaida ya vyuo ni dakika 40.

Iliniuma. Msimu ule Thabeet aligawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh tuzo ya mchezaji bora wa Big East, na Juni akachaguliwa wa pili kati ya chipukizi walioingia NBA. Mimi toka asubuhi ile nimebaki na ligi yenyewe.

Big East ilianzishwa mwaka 1979, Dave Gavitt, kocha wa Providence, akiwa mbele. Aliona kwamba vyuo vya miji ya mashariki mwa Marekani, vingi vikiwa vya Kikatoliki, vina kikapu kizuri na viko jirani. Ujirani ndio ulioleta moto. Februari 1980 Georgetown walikwenda Syracuse, kwenye mechi ya mwisho ya Manley Field House, ukumbi ambao wenyeji walikuwa wameshinda humo mara 57 mfululizo. Georgetown wakashinda, na kocha wao John Thompson, yule wa taulo begani, akatangaza kuwa Manley imefungwa rasmi. Watu wa Syracuse hawakumsamehe.

Mwaka 1985 timu tatu kati ya nne za mwisho kitaifa zilitoka Big East. Fainali, Villanova wakawafunga Georgetown ya Patrick Ewing 66-64: walirusha mara 28, zikaingia 22. Enzi hizo hapakuwa na saa ya kukulazimisha urushe, basi wakapiga pasi bila haraka mpaka nafasi ipatikane. Kwangu huo ni ufundi kuliko mbwembwe zote za leo.

Huko huko Georgetown alifika Dikembe Mutombo mwaka 1987, kutoka Kinshasa, akitaka kuwa daktari. Udaktari hakuusoma, lakini mwaka 2007 alifungua hospitali kwao Kinshasa yenye jina la mama yake.

Kisha pesa za futiboli ya Kimarekani zikaingia kati. Boston College waliondoka 2005. Mwaka 2013 Syracuse na Pittsburgh wakahamia ACC, ligi nyingine ya vyuo. Nasema wazi, lilikuwa kosa. Huwezi kuvunja uhasama wa miaka zaidi ya thelathini kwa ajili ya mchezo mwingine kabisa, ukategemea mashabiki wakupigie makofi. Vyuo saba vya Kikatoliki vikakataa kuburuzwa. Vikajitoa pamoja, vikabaki na jina la Big East na mashindano yake ya kila Machi pale Garden, ambako yamekuwa tangu 1983.

Waliambiwa watakufa njaa. Villanova wakatwaa ubingwa wa taifa 2016 na 2018. Connecticut, chuo cha Thabeet, walikaa nje miaka saba, wakarudi 2020. Kurudi kuliigharimu timu yao ya futiboli ligi yake, na mpaka sasa inacheza peke yake, msimu kwa msimu, ikijitafutia wapinzani. Wakakubali. Mwaka 2023 wakawa mabingwa wa kikapu Marekani nzima, na 2024 tena.