Seli za Gegedu: Zina Njaa au Zimeziba Masikio?

Gegedu, tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, halina mishipa ya damu wala neva. Seli zake, kondrosaiti, huchukua asilimia chache tu ya ujazo wake; kilichobaki ni maji, kolajeni na protini nyingine ambazo seli hizohizo zilizitengeneza. Kwa hiyo likianza kulika, kama ilivyo katika osteoathraitisi (ugonjwa wa kulika kwa viungo) ya goti au nyonga, hakuna damu ya kuleta mafundi. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuzipelekea seli vichocheo vya ukuaji, yaani protini zinazoiamuru seli igawanyike au ijenge, ili zifanye ukarabati zenyewe.

Wanaoliamini wazo hili wana ushahidi, tena si wa maabara tu. Sprifermin, dawa iliyoundwa kutokana na kichocheo cha FGF-18, ilijaribiwa kwa watu 549 wenye osteoathraitisi ya goti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Baada ya miaka 2, waliochomwa mikrogramu 100 kwa mikupuo ya kila miezi 6 walikuwa na gegedu nene kuliko la waliopewa sindano bandia, kwa tofauti ya milimita 0.05. Ni unene wa karatasi nyembamba, lakini kwa ugonjwa ambao gegedu huenda likipungua tu, si haba.

Wanaolitilia shaka huuliza swali moja: je, wagonjwa walipata nafuu? Maumivu yalipungua kwa wote, hata wa sindano bandia, bila tofauti ya maana. Watetezi wanajibu kwamba wenye gegedu jembamba na maumivu makali zaidi, walipochambuliwa peke yao baadaye, walionekana kunufaika. Jibu hilo halinitoshi. Ukichagua kundi baada ya kuona matokeo, umepata dokezo la kwenda kupima upya, hujapata uthibitisho. Isitoshe, kisicho na neva hakiumi. Maumivu ya goti hutoka zaidi kwenye mfupa ulio chini ya gegedu na kwenye utando wa kiungo.

Lakini mimi naona mjadala wa unene unaficha jambo kubwa zaidi. Tunazungumza kana kwamba seli zina njaa ya vichocheo, ilhali mara nyingi vipo. IGF-1, mojawapo ya amri kuu za kujenga, haikosekani katika kiungo kinachougua. Seli ndizo zinazoitikia kwa unyonge. Sehemu ya kichocheo hicho hunaswa na protini zinazokifunga, na hata kinapofika, mfadhaiko wa kioksidishaji, yaani mrundikano wa molekuli haribifu za oksijeni, huvuruga ujumbe ndani ya seli.

TGF-beta, kichocheo kingine, inatisha zaidi, maana amri ileile huweza kuingia kwa milango miwili. Ikipitia kipokezi cha ALK5, seli huelekea kulinda na kujenga. Ikipitia ALK1, seli huelekea kutoa MMP-13, kimeng'enya kinachokata kolajeni. Katika panya wanaozeeka ALK5 hupungua kwa kasi kuliko ALK1, na kuongeza dozi hakurekebishi uwiano huo. Panya waliochomwa TGF-beta kwenye goti waliota vinundu vya mfupa pembezoni mwa kiungo, na utando wake ukawa mgumu kama kovu.

Hata plazima yenye chembe sahani nyingi, inayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe na kusifiwa kwa wingi wa vichocheo vyake, haikuyashinda maji ya chumvi yaliyotumika kama sindano bandia katika jaribio la Australia la watu 288 lililochapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, hakukuwa na tofauti ya maana katika maumivu wala katika ujazo wa gegedu.

Silitupi wazo zima. Huenda vichocheo vingefaa zaidi vikitolewa mapema, seli zikiwa bado zinaitikia. Ila mtu wa hatua hiyo goti lake kwa kawaida bado halimsumbui kiasi cha kukubali sindano ndani ya kiungo kila nusu mwaka.