Mume Asiye na Bili

Jamani, mie ni mume wa mtu mwaka wa saba huu. Sheikh alisoma hutuba, baba mkwe alinishika mkono mbele ya mashahidi, na mahari nililipa taslimu, sikukopa hata senti. Biriani ililiwa Leicester, Tanga wakaitazama kwenye simu, mama akalalamika kwamba simu ya kisasa hivyo mbona haitoi harufu. Sasa hapo kilichobaki ni kipi?

Kumbe kimebaki kuthibitisha.

Mwaka 2024 nikaenda kwa loya. Visa yangu ya masomo ilikwisha siku nyingi, nami nilikuwa naishi kwa kunyata kama paka aliyeiba nguru. Ila binti yangu Salma ni Mwingereza kwa mamake, na mamake naye ni Mwingereza, basi watu wakaniambia nina haki zangu: Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, maisha ya familia. Nikaingia kifua mbele. Loya akasoma cheti cha msikitini, akavua miwani.

"Bwana, kwa sheria ya huku nyie hamjaoana."

Ati nikahi ya msikitini peke yake, bila kusajiliwa serikalini, huku Uingereza haihesabiki. Hivyo kwenye maombi ya kibali cha kuishi mie na Mama Salma tutakuwa watu wawili wenye "uhusiano unaofanana na ndoa", uliodumu si chini ya miaka 2. Unaofanana! Nikamwomba kwa hisani yake, neno hilo asije akalitamka mbele ya mama mkwe, mtu ana presha.

Na kila unapogeuka wanataka karatasi. Loya akadai walau barua 6 za ile miaka 2, zenye majina yetu wote au kila mmoja na yake, anwani ileile. Barua gani? Nyumba ni ya manispaa, mkataba wa Mama Salma. Maji yake, umeme wake, gesi yake, intaneti yake. Yeye ndiye anayefanya kazi, usiku kucha yuko kwenye nyumba ya wazee. Mie sina kibali cha kazi. Napika, nafua, nampeleka mtoto shule. Akaunti ya benki sina, kwa kuwa tangu sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 2014 benki haziruhusiwi kumfungulia mtu kama mie. Nikitaka kupanga chumba, mwenye nyumba anatakiwa akague kwanza makaratasi yangu. Yaani wamekaa wakaziba kila tundu ambalo jina langu lingepita kuingia kwenye bili, halafu wakanigeukia: haya, tuonyeshe bili.

Nikawa mtu wa kuvizia posta. Tarishi akitia mkono, nami nimeshafika mlangoni. Daktari wetu akaniandikia niende nikapimwe afya, maana ndivyo wanavyowaita watu wakishatimiza miaka 40. Mtu mwingine barua hiyo humkumbusha uzee. Mie niliibusu. Moja hiyo!

Ya pili na ya tatu zilinipa aibu. Siku nilipohamia kwa Mama Salma, mwanamke yule alikwenda mwenyewe manispaa akasema ndani sasa kuna watu wazima wawili. Anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25 ya kodi ya manispaa. Nani alimtuma? Nilimnunia miaka, kila bili ikija namkumbusha, "Na robo yetu ile?" Kumbe ndizo bili pekee zenye jina langu na lake, yamekaa pamoja kama chanda na pete. Siku ile niliosha vyombo bila kuambiwa.

Mwalimu wa Salma akatoa barua kwamba baba humleta mtoto kila siku. Ahsante sana. Akaongeza kwamba baba ni mcheshi na hufika amechelewa. Hilo nani alimuuliza?

Kisha picha. Nimepiga maelfu. Mama Salma ufukweni, Mama Salma na keki, Mama Salma na Salma kwenye theluji. Mie simo hata moja, kwani mpiga picha atakaaje kwenye picha? Nimeonekana kidole tu, tena mara nne.

Nikaambiwa basi tupeleke meseji za mapenzi. Nikafungua WhatsApp, nikasoma miaka miwili kurudi nyuma, moyo ukanywea.

"Maziwa."

"Ya nini?"

"Ya chai."

"Sawa."

"Umetoa pipa?"

"Nimetoa."

"La kijani au jeusi?"

"Yote mawili."

"Mtumee! Leo si siku ya la kijani!"

Haya ndiyo mapenzi yetu, wallahi. Na kwa kuwa si Kiingereza wala Kiwelisi, lazima yatafsiriwe na mfasiri anayetambulika, tena kwa malipo. Mfasiri akapiga simu kuuliza hii "Mtumee" aiandikeje. Nikamwambia aandike vyovyote, mradi ionekane mke ana uchungu na nyumba yake. Loya naye akashangaa kwa nini namwita mke wangu mama. Nikamweleza ni mama wa Salma, nami ni Baba Salma, majina yetu hayatajwi ovyo. Akaandika kitu kirefu kwenye daftari. Sijui alinielewaje.

Pesa sasa. Ada ya maombi mwaka ule wa 2024 ilikuwa pauni 1,258. Juu yake ya matibabu, pauni 1,035 kwa mwaka, kwa miezi 30 ikawa 2,587.50. Jumla pauni 3,845.50, na loya hujamgusa. Tulipewa mikono miwili ya upatu wa kina mama, na mmoja wao mpaka leo akiniona msikitini hunikagua kama gari alilolinunua yeye.

Majibu yalikuja mwaka 2025, kwa barua pepe. Nimekubaliwa! Nikauliza kadi iko wapi, nikaambiwa kadi zimeondolewa, siku hizi ni akaunti ya mtandaoni. Kwa hiyo ubaba wangu uko mtandaoni, na bando likikata nabaki mgeni. Halafu ruhusa yenyewe ni ya miezi 30. Ikiisha naomba tena, nalipa tena, mpaka itimie miaka 10. Mara nne nitamthibitisha mwanamke yuleyule!

Ila safari hii sikamatiki. Nimefungua akaunti benki, nikaenda moja kwa moja kwa watu wa gesi. Nikawaambia bili ije kwa jina langu, herufi kubwa. Baridi ilipokwisha tarishi akaleta bahasha. Mama Salma akaichana, akasoma tarakimu, akakaa kwenye kiti. Akanisogezea karatasi kwa vidole viwili.

"Hii yako, mume wangu."

Miaka saba, hajapata kuniita hivyo.