Kasino ya wageni peke yao: geti litamzuia nani?

Ukikaa Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe hapa Zanzibar, baada ya sala ya Isha, kikombe cha kahawa mkononi, taja kasino tu uone. Dhumna zitasimama. Mmoja atakwambia haramu ni haramu, mazungumzo yamekwisha. Mwengine atamjibu kwamba mgeni anakuja na pesa zake na dhambi zake, basi bora azimwage hapa kuliko kwenda kuzimwaga Dar es Salaam au Nairobi. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na naona kila mmoja ananyamaza pale ambapo jambo lenyewe ndipo linapoanzia.

Wazo, kwa sura yake ya kawaida, ni hili. Mwekezaji ajenge hoteli kubwa ufukweni. Ndani yake muwe na ukumbi wa kamari, mlangoni apite mwenye pasi ya nje peke yake, Serikali ichukue ada ya leseni na kodi, na kijiji kipate ajira. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 pamoja na Bodi yake ni za Tanzania Bara, kwa hiyo kwetu wa kuliamua jambo hili ni Baraza la Wawakilishi. Tukikosea, hatutakuwa na wa kumsingizia.

Niseme mapema nilipo. Mimi ni Muislamu na kamari kwangu ni haramu. Lakini aya ya 219 ya Suratul Baqara, inayotaja ulevi na kamari pamoja, haikukataa kwamba manufaa yamo. Imesema yamo, na ikasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Kuyahesabu manufaa, basi, hakumtoi mtu katika dini. Tuyahesabu.

Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni 638,498, na mwaka 2024 wakafika 736,755. Sehemu kubwa ya fedha za kigeni tunazopata inaingia kwa mlango huo. Pamoja na wageni wote hao, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2019/20 ulionesha kuwa karibu mtu mmoja kati ya wanne hapa hamudu mahitaji ya msingi. Pesa zinapita mbele ya macho yetu na kwenda zake. Mtetezi wa kasino anauliza: mgeni wa Nungwi akishamaliza chakula cha usiku, saa tatu, ana kitu gani cha kutumia pesa? Suali hilo ni la haki.

Lakini hoja yao iliyonigusa zaidi ni ya masika. Kila anayeishi na utalii anaijua Aprili. Mvua inaanza, ndege zinapungua, hoteli za pwani zinafunga mlango mmoja mmoja, na kijana wa Kiwengwa au Matemwe anaambiwa akapumzike nyumbani mpaka Juni. Kupumzika huko mara nyingi hakuna mshahara. Dukani anakopa, ada ya skuli inangoja, na mkewe anauza hereni. Ukumbi wa kamari uko chini ya paa na haujali mvua wala jua kali. Mtu anayetaka kuipinga kasino kwa uaminifu ni lazima amtazame kijana huyo machoni, na wengi wetu tunaoipinga hatufanyi hivyo. Tunasema haramu, tunakwenda zetu, na yeye anabaki na deni.

Wanazo na hoja mbili nyengine. Ya kwanza ni kwamba nchi za Kiislamu zimeshalikabili suala hili. Malaysia ina kasino ya Genting kule mlimani na Waislamu hawaruhusiwi kucheza. Misri inawaachia wageni tu. Umoja wa Falme za Kiarabu uliunda mamlaka ya kusimamia michezo hii mwaka 2023, na Oktoba 2024 ukatoa leseni kwa kampuni ya Wynn kwa ajili ya kasino huko Ras Al Khaimah. Hapo mimi husema, na Uturuki nayo ni nchi ya Waislamu wenye utalii mkubwa kuliko wetu mara nyingi, na ilizifunga kasino zake mwaka 1998. Watalii wa Uturuki hawakuisha. Mifano ya nje iko ya kila upande, haitatuamulia.

Ya pili ni nzito zaidi: kwamba mlango wa haramu tumeshaufungua, tunaona haya kusema tu. Pombe inauzwa katika hoteli kwa leseni na kodi yake tunaila. Mwanzoni mwa 2024, vibali vya waingizaji wa vileo vilipokwama, vinywaji viliadimika na wenye hoteli wakalalamika kama watu waliokatiwa maji. Na kamari yenyewe iko mifukoni mwetu. Vijana wanaweka mikeka, yaani dau za mechi, kwa simu, barazani, pengine baina ya Magharibi na Isha, na pesa inatoka visiwani kwa kubonyeza kidole bila ya geti wala mlinzi. Mimi sina jibu la kuwashinda hapa. Wanasema kweli. Ila kweli hiyo inanipeleka upande mwengine: ikiwa mkeka wa simu tumeshindwa kuudhibiti, ni kwa uwezo gani tutaidhibiti nyumba nzima ya kamari?

Sasa tutazame namna kasino inavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye uchumi wenyewe. Chukua ruleti ya Ulaya. Gurudumu lina vishimo 37. Ukiotea nambari moja na ikatoka, unalipwa mara 35 ya ulichoweka na dau lako unarudishiwa. Jumla unapata mara 36, na vishimo ni 37. Kile kishimo cha ziada ndicho riziki ya mwenye meza. Katika kila shilingi elfu moja zinazowekwa, kwa wastani anabaki na shilingi ishirini na saba. Ni kidogo, ndiyo maana anahitaji mchezaji asiondoke. Akicheza dakika kumi anaweza kutoka na faida. Akicheza saa sita, hesabu inamfikia. Kwa hiyo ukumbi unajengwa ili mtu asione sababu ya kutoka: chakula cha bei nafuu kimo humo humo, kinywaji kinaletwa mezani, muziki upo, kitanda kiko ghorofani.

Mwenye kijiji asome hapo mara mbili. Utalii wetu unamfikia mtu wa chini pale mgeni anapotoka nje ya ukuta: apande ngalawa, anunue kikoi, ale pweza kwa mama wa jirani, achukue gari ya kijana wa mtaani, hata papasi, yule kijana anayewaongoza wageni mitaani, apate bakshishi yake. Sisi tumeshaona kwa macho yetu zile hoteli ambazo mgeni amelipia kila kitu kwao kabla hajapanda ndege. Anakaa siku saba na nje anatoka mara moja, kwa basi la hoteli. Kasino ni hoteli ya namna hiyo iliyoongezewa sababu ya kumfunga mgeni ndani. Atlantic City, Marekani, waliambiwa kasino zitauhuisha mji, na ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1978. Mikahawa mingi ya mitaani ilikufa kwa sababu wageni walikuwa wanakula ndani. Kisha miji ya jirani nayo ikafungua kasino zake, na mwaka 2014 pekee nne kati ya zile za Atlantic City zilifungwa na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Kisiwa kinachotegemea biashara ambayo jirani anaweza kuiiga kwa leseni moja hakina cha kujivunia. Bahari ya Misali na milango ya Mji Mkongwe hakuna anayeweza kuviiga.

Tuje kwenye ajira, neno linalonyamazisha kila kikao. Ajira za nani? Nina mtoto wa dada yangu, kijana wa Jambiani, aliyepata kazi hotelini ya kuhudumia meza za chakula. Baada ya muda akahamishiwa baa. Mshahara wake wa kwanza wa baa alimpelekea mama yake, kama alivyozoea. Mama akauweka juu ya kabati na haukuguswa wiki nzima. Hakumgombeza, hakusema neno. Kijana akaacha kazi mwenyewe, na nafasi ikachukuliwa na kijana kutoka Bara ambaye hana kosa lolote, amekuja kutafuta riziki yake. Jambo hili haliandikwi katika andiko la mradi, lakini kila nyumba ya pwani inalijua. Ikiwa baa ni hivyo, mgawa karata itakuwaje? Nafasi zenye mshahara mzuri, za mezani, za usimamizi, za hesabu za ukumbi, zitakwenda kwa watu wasiofungwa na imani yetu au waliosomea kazi hiyo nchi za nje. Wetu watabakia getini, bustanini na kwenye kufua mashuka. Unaweza kusema huo ni msimamo wa nyuma na watu wabadilike. Sawa, lakini asiahidiwe ajira mtu ambaye unajua dini yake itamzuia kuichukua, kisha ahadi hiyo hiyo ikatumiwa kupatia ardhi ya kijiji chake.

Na hilo geti la pasi? Nimelifikiria sana, kwa sababu ndilo linalowatuliza wengi. Tanzania haina uraia pacha. Mzanzibari aliyeondoka miaka thelathini iliyopita na sasa ana pasi ya Uingereza au ya Oman, akirudi Darajani kumzika mama yake, kwa geti hilo ni mgeni, anapita. Binamu yake aliyebaki hapa anazuiwa. Wawili hao wamekula sahani moja siku ya Idi. Pesa za mmoja zikiisha ndani ya ukumbi, nyumba ya urithi ni ya wote wawili. Bahamas inawazuia raia na wakaazi wake, na geti lao linasimama kwa sababu dola lina watu wa kulisimamia usiku na mchana. Singapore ilichagua bei: raia analipa kuingia, dola zao 100 tangu 2010, na mwaka 2019 wakapandisha hadi 150. Korea Kusini ilifungua kasino moja tu kwa raia wake, Kangwon Land, mwaka 2000, ili kufufua eneo lililofungwa migodi ya makaa ya mawe. Leo mji wa jirani unajulikana kwa maduka ya rehani, ambapo watu huacha hata magari yao. Wakorea hawakukosa sheria wala wakaguzi. Na wa kwetu, atakayesimama getini saa nane za usiku ni kijana wa kampuni ya ulinzi, na anayetaka kupita ana noti mkononi.

La utakatishaji fedha nitalipitia kwa ufupi. Tanzania iliwekwa katika orodha ya kijivu, ambamo wakaguzi wa kimataifa huziweka nchi zenye udhaifu wa kuzuia fedha chafu, Oktoba 2022 na ikatolewa Juni 2025, baada ya kazi kubwa. Kasino ni miongoni mwa biashara ambazo wakaguzi hao wanazitazama kwa jicho kali, kwa sababu mtu anaweza kuingia na fedha chafu, akanunua chipu, vile vidonge vinavyochezewa badala ya pesa, akacheza kidogo na kutoka na hundi safi. Kosa la ukumbi mmoja wa Unguja litalipiwa na benki za Jamhuri nzima. Na mwaka huo huo wa 2025 Serikali yetu ilizindua Sukuk, hati fungani isiyo na riba, ikawaomba watu waweke akiba zao kwa njia ya halali. Mzee aliyetoa akiba yake ya hija kwa imani hiyo ana haki ya kuuliza pesa za hazina zinachanganyika na zipi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hapana, na ningesema hapana hata kama ningekuwa natazama hesabu peke yake. Faida inayoonekana, yaani ada na kodi, inaingia mjini. Hasara, yaani mgeni asiyetoka nje na kijana asiyeweza kuichukua kazi, inabaki shehiani. Kama Wawakilishi wataletewa mswada hata hivyo, ningewaomba wadai mkataba usomwe hadharani kabla ya ardhi kutolewa, na sheha na wananchi wake wasikie kiasi chao kwa shilingi, maana ahadi ya "kuinua jamii" hailipi ada ya skuli.

Suali la saa tatu usiku linabaki. Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, inalijibu nusu. Kila jioni meza zinapangwa, taa zinawashwa, na mgeni anatoa pesa mkononi mwake kumpa mtu wa hapa, kwa urojo, mishikaki, juisi ya miwa, bila ya ukuta wala geti. Hakuna mama anayeuacha mshahara wa mwanawe juu ya kabati kwa sababu umetoka Forodhani. Nungwi, Paje, Chake Chake na Wete zingeweza kuwa na yao, zikisimamiwa na wauzaji wenyewe.

Nusu iliyobaki ni ya masika. Nimekuwapo Forodhani mvua ya Aprili ilipoteremka saa moja na nusu, nikawaona wauzaji wakifunika nyama kwa mifuko ya plastiki na kukunja meza, mauzo ya siku yakiwa hayajafika hata nusu. Kitu cha kwanza ningekijenga kwa pesa ya utalii tuliyonayo tayari ni paa la pale.