Lenzi za zamani bado zina kazi

Makala moja niliyosoma inasema Nikon na Canon wameacha kubuni lenzi mpya za DSLR, yaani kamera zenye kioo ndani nyuma ya lenzi, nguvu zote wamezihamishia kwenye kamera zisizo na kioo. Ni kweli, ila sababu yenyewe imeelezwa haraka mno. Kioo kikiondolewa, lenzi inakaa karibu zaidi na sensa, kile kipande kinachonasa mwanga na kuufanya picha. Kifungio cha F cha Nikon (sehemu lenzi inaposhikana na kamera), cha mwaka 1959, kiliiweka lenzi milimita 46.5 kutoka kwenye filamu, na baadaye sensa. Cha Z cha 2018 ni 16 tu. Canon nao walitoka 44 za kifungio chao cha zamani, EF, wakafika 20 za kile kipya, RF. Tofauti hiyo ni kubwa sana kwa mbunifu wa lenzi pana, zinazonasa eneo kubwa, na ndiyo maana hata kona za picha zinatoka kali.

Kinachoniuma ni lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota ya kufokasi ndani. Zinazungushwa na kijiti kidogo kama ncha ya bisibisi kinachochomoza kwenye kamera, na adapta niliyonunua, ya kuunganisha lenzi ya zamani na kamera mpya, haina kijiti hicho. Yangu ya milimita 50 sasa naifokasi kwa vidole, na mtoto anayekimbia hanisubiri! Picha za watu za lenzi hiyo bado nazipenda kuliko za lenzi yoyote mpya niliyojaribu.

Wenye lenzi za EF wana nafuu, kwa adapta fokasi yao inaendelea kujiendesha. Kwa anayenunua lenzi iliyotumika, tafadhali ulizia mota kabla ya kulipa.