Rolex si Rolls-Royce
Kuna mwandishi asemaye Rolex ndiyo Rolls-Royce ya saa, yaani kwa saa ni kama lile gari la kifahari kupita yote. Wapi! Rolex ni Mercedes: hata asiyejua saa aijua, ndiyo maana feki zake zimejaa mitaani. Rolls-Royce yenyewe ni Patek Philippe, kampuni ya saa ya Uswisi ya tangu 1839, ila ukiivaa kwenye feri ya Likoni hakuna atakayegeuza shingo. Seiko ni Toyota, na hapo sibishani na mtu. Wajapani hao ndio waliouza saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi (ya betri, si ya kukaza springi), Astron, mwaka 1969, jasho likawatoka mafundi saa wa Uswisi. Na ile Casio F-91W ya plastiki? Probox hiyo, gari la kazi, wallahi! Ninayo mkononi sasa hivi, na nyumbani hakuna anayeitamani.